Odell Tarpley, Anayelazwa Mbali na Mama

Marehemu Lucius Odell Tarpley alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 nje kidogo ya Itta Bena, Mississippi, kifungua mimba wa marehemu Amos na Ozella Tarpley. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Verlene, mdogo wake.

Alisoma shule ya hapa hapa hadi 1969. Fidla alifundishwa na Baba, kinanda cha kanisani alijifunza mwenyewe, na midundo ya dansi aliifuata kwenye vilabu ambako Mama alimkataza kukanyaga. Alikanyaga.

Mwaka 1974, huko Memphis, alianza kuvichanganya vyote vitatu, na hakuna aliyemshukuru. Redio za wazungu zilimwona mweusi mno. Redio zetu zikasema anapiga muziki wa wazungu wa mashambani, kana kwamba fidla ya Baba ilikuwa ya kuazima. Iliyomponza zaidi ni santuri ya 1977. Aliwarekodi akina mama wa kanisa letu la Mlima Nebo wakiimba maombi, wenyewe wakiwa wameridhia, kisha akawatilia ngoma na gitaa la besi. Watu wakaicheza vilabuni hadi Chicago.

Kwetu aliyekosa husimamishwa mbele ya kanisa zima aombe radhi. Asipoomba, anafutwa ushirika. Odell alisimama.

"Odell, mwanangu, sema tu umekosa, tukale," Shemasi Purvis akamsihi.

"Shemasi, nikisema hivyo nitakuwa nimedanganya madhabahuni. Hapo sasa ndipo mtapata sababu ya kunifukuza."

Mama, ambaye sauti yake ndiyo inayofungua santuri ile, akaita kutoka kiti cha mbele, "Basi keti, baba, kuku wanapoa!"

Walimfuta. Aliendelea kupiga hadi uzeeni, na kila Jumapili aliyokuwa nyumbani alimfikisha Mama mlangoni pa kanisa, akamngoja nje.

Tarehe 2 Juni 1979 alimwoa Delphine Guidry wa Lake Charles, Louisiana, aliyemwambia wazi kwamba fidla hailali kitandani. Waliishi kwa upendo na kelele nyingi.

Mwaka 2018 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Sauti ikampotea. Septemba mwaka huu wakuu wa kanisa walikuja kumwambia kwamba atazikwa makaburini pa kanisa, kando ya Mama, mradi wasifu huu useme alitubu.

"Itikia kwa kichwa tu, Ndugu Odell," mchungaji akamwambia.

Odell aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Alilia. Kisha akatikisa kichwa kukataa, akaushika mkono wa mchungaji, wala hakuuachia upesi. Alifariki nyumbani tarehe 14 Oktoba 2019.

Jana walinigeukia mimi. Walisema marehemu hatajua. Nikawajibu kwamba mimi nitajua. Ndiyo maana tumemleta hapa, kwenye shamba la soya la Baba, na Mama yuko kule peke yake, na inaniuma sana.

Ameacha mjane, Delphine, watoto, Renita na Cedric, wajukuu wanne, mimi dada yake, na akina mama wawili waliobaki wa santuri ile, ambao wamekuja leo wakijua kwamba Jumapili watasimamishwa wao kwa kuja kumzika.

Hakutubu, kwa sababu hakukosa. Apumzike hivyo hivyo, kwa amani.