Altje Hakuwa Mvivu: Maisha ya Marehemu Altje Rumondor, 1971–2023

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu na majirani, haya yanasomwa, kwa niaba ya familia za Rumondor na Kaligis, na mdogo wa marehemu, Yopi Kaligis, aliyeombwa ayafupishe na aseme tu kwamba dada yake aliugua ini, naye amekataa, kwa sababu hapa Kawangkoan ukisema ini ukanyamaza, watu wanatazama chupa.

Marehemu Altje alizaliwa tarehe 4 Machi 1971 hapa hapa Kawangkoan, mtoto wa kwanza wa Bwana na Bibi Kaligis, akasoma shule ya msingi ya kanisa hadi mwaka 1983, kisha sekondari, ambayo hakuimaliza kwa kuwa mama aliumia mgongo na karanga zilihitaji mkaangaji. Kazi yake ikawa hiyo, kukaanga karanga kwenye mchanga wa moto, kazi aliyoifanya tangu mwaka 1987, na hakuna aliyewahi kurudisha karanga zake.

Tarehe 12 Novemba 1994 alifunga ndoa na Hengky Rumondor, mgema wa huko mlimani, wakajaliwa watoto wawili, Meike mwaka 1996 na Rinto mwaka 2000.

Mwaka 2009 macho yake yaligeuka manjano, wakaenda Manado, daktari akasema ni homa ya ini isiyoambukiza na isiyotokana na pombe, kwamba kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayolishambulia ini. Alimeza dawa, macho yakasafika, lakini maneno hayakusafika, maana mume anatengeneza pombe, na pale kwenye karanga mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti, "Huyu anakaanga karanga au anakausha chupa za mumewe?" Altje akamjibu, "Njoo uninuse, dada, ila leta na pua ya mumeo, yake ndiyo inayozijua chupa." Walicheka wote, yeye pia.

Kuanzia mwaka 2012 alianza kuchoka, uso ukavimba, sauti ikawa nzito, akawa anavaa sweta mbele ya tanuri la karanga, na sisi wa nyumbani tukasema ni ini, na uso umevimbishwa na vidonge vyake, naye akasema hivyo hivyo, ingawa kila alipopimwa ini lilionekana limetulia. Alikuwa katika mapalus, kundi letu la kulimiana kwa zamu, leo shamba langu kesho lako, na mstari wake ukawa unabaki nyuma. Om Demsi, yaani mjomba Demsi, kiongozi wa kundi, alimwambia, "Altje, jembe limelala au wewe ndiwe uliyelala?" Akajibu, "Limelala lenyewe, Om, mimi nalibembeleza tu." Mwaka 2014 kundi lilimwondoa, neno lililosemwa mbele ya watu wote likiwa ni mvivu, na zamu ya shamba lake ikarukwa.

Mwaka 2016 daktari mwingine alimpapasa shingo, akamwuliza kama anasikia baridi, akaagiza damu ipimwe upya, ikaonekana kinga ile ile inaishambulia na tezi ya shingoni, thairoidi, ile inayoupa mwili mwendo. Akaeleza kwamba magonjwa haya mawili huonekana mara nyingi kwa mtu mmoja, na kwamba mwenye ini la namna hii apimwe na tezi hata kama hajalalamika. Alipewa kidonge cha kila asubuhi kabla ya kula, na baada ya miezi michache sweta likaning'inizwa ukutani. Akachukua jembe, akaenda kwenye kundi alfajiri, Om Demsi akamwambia, "Sheria ni sheria, mama, aliyeondolewa harudi." Tangu siku hiyo alilima shamba lake peke yake, akalimaliza kila msimu.

Ila ini, pamoja na kutulia kwake, lilikuwa limeshakuwa gumu kwa makovu ya ugonjwa. Tarehe 17 Agosti 2023 alitapika damu, akakimbizwa Manado, akafariki tarehe 19 saa kumi alfajiri, akiwa na miaka hamsini na miwili. Tangu hapo familia inaulizwa viti vipangwe wapi, nyama ichemshwe kiasi gani, nayo inajibu ndiyo kwa kila kitu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wanawake wa kanisa, majirani waliofunga turubai hili, na wakaangaji wenzake waliozima matanuri leo. Inalishukuru pia kundi la mapalus, lililokuja asubuhi bila kuitwa likachimba kaburi, na Om Demsi, aliyeingia shimoni mwenyewe na umri wake ule. Asante kwa kaburi, Om. Lile neno lilisemwa mbele ya watu, tunaomba lifutwe mbele ya watu, kabla ya udongo. Ukinyamaza hatutagombana nawe msibani, ila sisi tumeshalifuta.

Altje, dada yetu, lala sasa kwa amani, lala mchana kweupe, watu wote wakiona, na asiwepo wa kukuamsha.