Kaka Faustin na Kazi Aliyoomba Iondolewe

Kaka yetu Faustin Nzabandora alizaliwa Mushaki tarehe 14 Agosti 1987, mtoto wa tatu wa marehemu Papa Mbonigaba, mkulima wa viazi, na Mama Mukasine. Mimi Byukusenge ninayewasomea ndiye niliyemfuata kuzaliwa. Alikuwa mtoto msumbufu kwa maswali. Bombani watu walipanga bidoni zao za maji mstarini, wakaenda shambani, na bidoni ya asiyekuwapo ilizuia za wengine wote. Faustin akaanza kuzisogeza kando zile za wasiokuwapo. Mama mmoja alimchapa sawasawa, nasi tulimcheka siku nzima.

Alisoma shule ya msingi Mushaki, sekondari Masisi, na mwaka 2011 alipata diploma ya informatike Goma. Papa aliuliza kompyuta itamlisha nani.

Tangu 2013 alitunza kompyuta za kituo kimoja cha afya msituni Walikale, upande wa Hombo. Umeme wao ni wa jua. Siku za mvua, ili kuokoa betri, walilaza nusu ya sehemu za prosesa, zile zinazogawana kazi za mashine. Hapo mashine iliganda, na fishi, yaani kadi za wagonjwa, hazikufunguka. Kila mtu alilaumu betri. Faustin alifuatilia jambo hilo miaka miwili. Aliona kwamba ukiisha kuhifadhi fishi, kompyuta haiiandiki palepale kwenye diski. Kuna kazi ya chinichini inayoiandika baadaye. Kazi hiyo ilipangiwa sehemu iliyolala, ikangoja tu, na zote zikangoja nyuma yake. "Iko bidoni ya muntu mwenye alienda shamba," alitueleza. Akatuma dawa ya kosa hilo, ya kuihamishia kazi hiyo kwenye sehemu iliyo macho, kwa watunzaji wa mfumo unaoendesha kompyuta hizo, watu wa nchi nyingi, na Desemba 2021 wakaipokea. Mtoto wa Mushaki. Tulibaki midomo wazi, na padri akatangaza kanisani.

Tarehe 20 Juni 2015 alifunga ndoa na Colette, mkunga wa kituo hicho. Colette husema aliolewa na mtu anayesalimia mashine kabla ya wageni. Mungu aliwapa Christian na Nadine.

Aprili 2022 figo zilianza kumsumbua. Mwezi wa saba, akiwa kitandani hospitalini Goma, aliisoma upya kazi yake, akaona kosa lake mwenyewe. Sehemu iliyolala ikiamka wakati uleule kazi ya kuandika inapohamishwa, kila upande ulidhani mwenzake ameichukua. Mashine haikuganda tena, lakini fishi ilipotea kimya. Hakuna aliyekuwa ameliona. Mimi nilimwambia, "Kaka, wacha tu. Nani atajua?"

Akaniangalia. "Colette anaandika dawa ya mutoto, anahifadhi, anaenda. Kesho dawa haiko. Utaambia mama ya ule mutoto nini?"

Nilisikia haya, na hata leo nasikia haya. Akawaandikia wale watunzaji wote waliomsifu: "Nilikosea. Mutoe kazi yangu." Wakaitoa. Kisha akaanza upya, mikono imevimba, yeye akisema na Colette akiandika, mstari kwa mstari, wiki saba. Sijawahi kuona mtu wa namna ile, na sidhani nitamuona mwingine.

Kazi mpya ilipokwisha, alimwomba Gustave, muuguzi wa kituo, aijaribu siku saba kwenye mashine ya akiba, akilaza na kuamsha sehemu za prosesa bila kupumzika huku akihifadhi fishi za mfano. Walianza Jumapili tarehe 11 Septemba. Jumatano tarehe 14, asubuhi, Faustin aliuliza, "Imepoteza?" Colette akajibu, "Hata moja." Naye akasema, "Ni siku ya ine tu. Musifurahi bado." Saa tisa mchana alituacha, akiwa na miaka thelathini na mitano.

Ameacha mama yetu Mukasine, mke wake Colette, watoto wake Christian na Nadine, na sisi ndugu zake watano. Gustave hayupo kati yetu leo kwa sababu bado anailinda ile mashine. Asubuhi hii ametuma ujumbe: "Tumefika siku ya saba. Fishi zote ziko. Mumwambie."

Kaka Faustin, fishi zote ziko. Sasa unaweza kupumzika, na Mungu akupe amani yake.