Verna Lindgren na Kura ya Ziwa Corliss

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba, Verna Lindgren anarudisha funguo za kituo cha Tolmen baada ya kulitumikia Pori la Corliss kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi mliowahi kuomba kibali cha kupiga kambi ziwani mnamfahamu kwa sauti tu, ile ya kwenye simu iliyowaambia, bila haraka wala majivuno, kwamba mwaka huu hamkupata.

Alianza na msumeno wa watu wawili, akikata miti iliyoangukia njia. Enzi hizo vibali alipewa anayewahi. Watu walilala ndani ya magari mbele ya kituo, wakatukanana, na asubuhi waliopata walikuwa wale wale: wenye likizo ndefu na wenye shemeji ofisini. Wauguzi na wapasua mbao, ambao kwao siku ya kazi ni siku ya kazi, waliishia kulitazama ziwa kwenye kalenda. Nafasi za hema kule juu ni chache na haziongezeki, maana nyasi zake zikikanyagwa hazioti tena upesi.

Verna ndiye aliyeleta kura. Kila kundi kadi moja, aliyekosa miaka mingi anaongezewa kadi, na kadi zote zinaingia kwenye pipa la mbao linalozungushwa mbele ya watu, kwenye ukumbi wa zimamoto, kila Machi. Alituambia sisi watumishi wenzake kwamba watu wakiona mkono umeingia mtupu ukatoka na kadi, wataichukia bahati yao, hawatatuchukia sisi. Mkubwa mmoja wa makao makuu alimwomba "amkumbuke" mgeni wake. Verna alimkumbuka: alimtumia kadi tupu ya maombi, na stempu juu yake.

Lakini hakuna wasifu wa Verna utakaokamilika bila habari ya Nels Ostby, na sisi tuliokuwepo tumekubaliana iandikwe kama ilivyokuwa.

Nels alikuwa fundi bomba hapa Tolmen. Kila mwaka aliomba kambi ya mashariki mwa ziwa, chini ya mwamba, na kila mwaka alikosa. Vuli moja, msimu ukiwa umeshafungwa, aliingia porini bila kibali na hakurudi. Tulimtafuta hadi theluji ikatufukuza. Machi iliyofuata, kadi ya kwanza kutoka kwenye pipa ilikuwa na jina lake, ikiomba kambi ya mashariki.

Mkewe, Solveig, aliyekuwa akigawa kahawa, alikuja mbele akaishika.

"Ni mwandiko wake," alisema. Kisha akatuonyesha kidole chake kilichopakaa wino. "Na wino haujakauka."

Wakubwa walieleza kwamba ni kadi ya zamani iliyokwama. Mimi nilikuwepo Verna alipolisugua pipa lile kwa maji ya moto siku moja kabla, kama afanyavyo kila mwaka. Watu wakataka kadi ichanwe, itolewe nyingine. Verna akakataa.

"Kanuni inasema aliyetoka kwenye kura ana nafasi yake mpaka saa sita mchana ya siku ya kibali," alisema. "Haisemi lazima awe hai."

Aliyefuata kwa nafasi hiyo alikuwa Roy Bakke, mpasua mbao, ambaye baba yake alikuwa akipoteza macho na alitamani kuliona ziwa kabla giza halijamfunika. Roy alikuja kituoni amewaka. Alimuuliza Verna kama kweli angemnyima mzee wa watu ili ampe maiti. Verna alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia waje siku ya kibali, wangoje naye kulekule ziwani. Saa sita ikipita, kambi ni yao. Kabla ya hapo, hana ruhusa ya kuigawa. Makao makuu yalimtishia uhamisho. Hakubadilisha neno.

Agosti ilipofika tulipanda: Verna, Solveig, Roy, mzee Bakke na mimi. Verna alifunga kibali kwenye nguzo ya kambi, jina likitazama njia, kama anavyomfanyia yeyote. Tukakaa. Ziwa lilikuwa limetulia kama kioo, na ndege hawakusikika.

Jua lilipokaribia utosini, tukasikia mtu akipigilia kigingi cha hema. Jiwe juu ya chuma, taratibu, nyuma ya mwamba. Roy alipaza sauti kusalimia. Mlio ukakoma kidogo, kana kwamba mtu amegeuza shingo, kisha ukaendelea. Hakuna aliyesogea. Mzee Bakke, ambaye hakuuona hata mwamba wenyewe, ndiye aliyesema.

"Mwambieni anapigilia juu ya jiwe. Hapo hakishiki."

Verna aliinuka akaufuata mlio ule, nasi nyuma yake. Kiangazi hicho kilikuwa kikali, na theluji iliyorundikana nyuma ya mwamba ilikuwa imeyeyuka ikaacha ufa wazi. Nels alikuwa humo, amelala kiubavu, hema lake limekunjwa chini ya kichwa, buti zimepangwa pembeni. Mlio ulikatika tulipomwona. Solveig alipiga magoti akamfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akimnong'oneza mambo ambayo hatukuyasikiliza.

Saa sita ilipita bila yeyote kuangalia saa. Roy hakuitaka tena ile kambi. Baba yake ndiye aliyesema hema lisimamishwe, ili Solveig asikeshe peke yake na mumewe hadi wabebaji wafike. Kabla jua halijazama alimwomba Verna amshike mkono hadi ukingoni. Alisema anauona mng'ao, na unamtosha.

Jina la Nels halikutoka tena. Mapori mengine yametuma watu kujifunza kura yetu, na Verna amewafundisha kila kitu isipokuwa kitu kimoja, ambacho wamekiona wenyewe na hawakuthubutu kuuliza: kabla ya kuingiza mkono, huligonga pipa mara moja kwa kiungo cha kidole, kama mtu anayebisha mlango.

Watumishi haturuhusiwi kushiriki. Lakini Oktoba Verna atakuwa raia kama wengine, kwa hiyo wiki iliyopita, kwenye kura ndogo ya vuli, ile ya nafasi za mwisho za msimu, alituma kadi yake ya kwanza maishani. Nilizungusha mimi. Hakutoka. Ukumbi mzima ulimtazama kwa huruma, naye akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali," alisema. "Pipa bado halijanijua kama lilivyomjua Nels."

Verna, asante kwa kazi yako na kwa uso wako mkavu mbele ya wakubwa. Tunakuombea magoti yasiyouma, asubuhi zisizo na simu, na kadi yako ikawie humo ndani miaka mingi.