Kapteni Aliyeachwa Nje ya Kibao

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe kwenu, ninyi wa Puta, wa Mwansabombwe, na ninyi mulio kwenye kambi ya wakimbizi. Mimi ni Cadette Ngosa. Leo sitaweka muziki. Leo nina hasira, na sitaificha.

Hervé Kalenga amefariki. Moyo wake ulisimama juzi, Jumatano. Alikuwa na miaka thelathini na mine. Hervé Kalenga alikuwa kapteni wa kwanza wa timu ya beisboli ya Mweru. Shikeni neno hilo: wa kwanza.

Alivuka mpaka kutoka Pweto mwaka 2017, akikimbia vita, pamoja na mama yake na dada yake Pierrette. Hapa Nchelenge alikuta mwalimu mumoja akifundisha beisboli kwenye uwanja wa mchanga. Wachezaji walikuwa saba. Beisboli inataka tisa. Hervé akazunguka kambini, akazunguka kwa wavuvi, akaleta sita. Fimbo za kupigia zilikuwa mbili. Ya tatu aliichonga mwenyewe.

Pierrette anakumbuka: "Alikuwaka anatusumbua! Hata viazi ya mama alikuwa anairusha. Mama anapiga kelele, 'We Hervé, ile ni chakula!'"

Katika beisboli, kapteni havai kitambaa mkononi kama kwenye mpira wa miguu. Anashonewa herufi C kifuani. Hata timu kubwa za kulipwa, huko beisboli ilikozaliwa, nyingi zinakaa miaka bila kapteni. Zinangoja mutu anayestahili. Mweru haikungoja. Mwaka 2019 wachezaji wote walimuchagua Hervé. Pierrette akamushonea ile C, nyekundu.

Halafu timu ikaingia ligi ya kulipwa. Komite mpya ikaja. Prezida wake akasema mbele ya wachezaji wote: "Mukimbizi hawezi kuongoza timu ya Wazambia. Utacheza, lakini hiyo herufi uitoe."

Miaka mine alikuwa kapteni! Hakuna aliyeuliza karatasi zake wakati timu haina hata glavu.

Hervé aliomba makasi, akakata nyuzi mwenyewe. Alipofika nyumbani alisema tu, "Pierrette, nipe maji."

Ukapteni ukapewa Webby Nsama, muvuvi wa hapa hapa. Webby hakuuomba. Siku ya mechi ya Mwansabombwe, Mweru iko nyuma pointi ine, wachezaji wanagombana. Webby akasimamisha muchezo. Akavua jezi yake yenye C, akamupa Hervé, akamwita kwa heshima: "Ba kapteni, vaa. Hawa hawanisikii. Wanakusikia weye."

Hervé akavaa. Mweru ikashinda kwa pointi moja.

Munajua komite ilifanya nini? Webby alifungiwa mechi tano. Hervé alifukuzwa. Mutu ameshinda, na anafukuzwa!

Hakuondoka kwenye beisboli. Alifundisha wasichana wa kambini mpaka wiki iliyopita.

Mwezi jana komite ilitundika kibao cha majina ya makapteni kwenye ukuta wa ofisi yake. Jina la kwanza: Webby Nsama. La Hervé halipo. Hervé alikwenda kukisoma. Aliporudi, akamwambia dada yake: "Jina ya Webby wameiandika muzuri."

Ndiyo Hervé huyo.

Jana komite ilituma maua kwenye kilio, nyumbani kwa mama yake. Utepe uliandikwa: "Kwa mushabiki wetu." Mushabiki! Pierrette aliyarudisha. "Kaka yangu hakukuwa mushabiki," alisema. "Ile timu ni yeye aliizaa. Mubebe maua yenu."

Jana hiyo hiyo Webby alikitoa kibao ukutani, akakibeba mpaka kwenye kilio, akapiga magoti mbele ya mama. "Mama, unisamehe. Jina yangu haiko fasi yake, pale pa kwanza ni pa Hervé."

Leo asubuhi Webby amepata barua. Komite inasema ameiba kibao. Nawauliza, wasikilizaji wapendwa: hapa mwizi ni nani?

Mama Kalenga, Pierrette, poleni sana. Webby, pole na wewe. Mungu awatie nguvu. Na sisi wengine tujiulize: tumekula jasho la nani, halafu tukamwita mugeni?

Tunamuzika kesho, saa ine asubuhi, kwenye makaburi ya Kafutuma. Nitakuwepo. Bwana Prezida wa komite, najua unanisikia. Kuja. Simama mbele ya mama yake, umwambie mutoto wake alikuwa nani.