Nepi Niliyoifua Kabla ya Kwenda kwa Daktari

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo. Kikundi kimeniomba nisimame nieleze yaliyompata mwanangu mwaka jana. Ndiye yule anayemvuta mwenzake ushungi. Mnamwona ana nguvu.

Alikuwa na miezi saba. Asubuhi moja alilia ghafla, akakunja miguu tumboni, uso ukamwiva. Kidogo akanyamaza, akalegea. Baada ya muda, yale yale. Majirani zangu hapa mtaani Gerezani wakasema chango hilo, nami nikamnywesha dawa ya mizizi. Akatapika. Mchana matapishi yakawa ya kijani, tumbo likajaa, na kwenye nepi nikakuta damu imechanganyika na ute mzito. Ndugu zangu, nikaamua kwenda hospitali.

Na nilifanya nini? Niliifua nepi! Nikamwogesha mtoto, nikampaka na poda. Nani aende hospitali na mtoto mchafu, wauguzi wamseme?

Mume wangu alikuwa kazini, kwa hiyo baba mkwe aliacha foleni ya sukari pale duka la ushirika, akanisindikiza. Naona mnacheka, mmeshajua. Daktari akauliza, "Choo chake kikoje?"

Mkwe wangu amesimama pale pale! Nikainamisha kichwa. "Kizuri tu."

Mtoto naye wakati huo katulia. Daktari akaanza kuandika dawa ya gesi.

Mzee akakohoa. "Daktari, mwanangu huyu ananionea haya. Nilipomfuata nilimkuta bombani akifua nepi, maji mekundu. Sema, mama. Mimi naziba masikio." Na kweli akayaziba, kwa vidole viwili!

Nikasema yote, huku nalia. Daktari akaweka kalamu chini, akambonyeza mtoto tumbo, akakuta uvimbe. Akatueleza kwamba utumbo umeingia ndani ya utumbo, kama mkono wa shati uliojikunja kwa ndani, na chakula hakipiti. Tungengoja mpaka kesho, ungeweza kuoza. Alipasuliwa siku ile ile.

Namshukuru daktari, wauguzi, na jirani aliyenipikia wiki nzima. Akina mama, kilio cha kuja na kuondoka, matapishi ya kijani, damu kwenye choo: ukiona hata kimoja, usikae na mizizi, kimbia hospitali. Na nepi usiifue, nenda nayo.

Na wewe baba mkwe, uliyekaa karibu na mlango: wewe ndiye niliyekuonea haya, na ni wewe uliyeniokolea mtoto. Asante sana, baba.