Mama Funga na Pampu Iliyojibu "Sawa"

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mama Funga anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye kitambulisho. Hapa kiwandani hakuna anayelitumia.

Alianza kwenye meza ya kuunganisha nyaya, kisha akahamia chumba cha programu. Huko aliandika sehemu kubwa ya mfumo endeshi unaokaa ndani ya pampu zetu za dawa za hospitali. Kazi yake ilikuwa soketi, yaani njia ambayo pampu huitumia kuzungumza na meza ya wauguzi, pamoja na funksheni za kuiamrisha mashine: anza, punguza, simama. Soketi ikifunguliwa lazima ifungwe, la sivyo kumbukumbu ndogo ya pampu hujaa na mashine ikapigwa na bumbuazi. Tabia hiyo ilimfuata hata nje ya kompyuta. Alifunga droo za wenzake, alifunga mabomba, na meneja aliwahi kufungiwa stoo akiwa ndani.

Tutamkumbuka zaidi kwa ule mwaka wa oda kubwa. Majaribio yalikwama kila mara kwa sababu mota ilichelewa kujibu. Wenzake wakapita njia ya mkato: funksheni ya kusimamisha ijibu "sawa" mara tu inapopokea amri. Majaribio yote yakafaulu, keki ikakatwa. Mama Funga akaikuta pampu mezani, skrini ikisema imesimama, na ndoo chini yake ikiendelea kudondokewa na matone.

Alikataa kutia saini ya kuziruhusu pampu zitoke. Alisema kupokea amri si kuitekeleza, na kwamba mgonjwa hatibiwi na skrini. Oda ilikuwa hatarini, na wengine walimnunia hadi kwenye chai. Meneja, ambaye ni shemeji yake, alimbembeleza kifamilia akaambulia patupu. Hatimaye pampu zilitoka zikiwa na funksheni inayosubiri mota isimame kweli ndipo ijibu. Mteja alinung'unika kwa kucheleweshewa, akazipokea.

Mwezi uliopita mumewe alifanyiwa upasuaji, akaunganishwa na pampu yetu. Muuguzi alipoisimamisha ili abadilishe dripu, Mama Funga hakuangalia skrini, aliangalia matone. Yalikoma. Akavuta kiti, akalala fofofo hadi wageni walipoambiwa muda umekwisha.

Asante sana, Mama Funga. Tunajivunia kufanya kazi nawe. Tunakutakia wewe na mzee maisha mema, na usingizi kama ule.