Bakuli Lililonitoa Jicho

Wapendwa, mchungaji ameniomba niseme kwa upole. Nitajitahidi, ila sina uhakika.

Mnanijua. Mie ndiye fundi wa mabakuli kule Kiwalani. Nakata vipande vidogo vya mninga na mpingo, nagandisha kwa gundi duara juu ya duara, halafu nakereza kwenye mashine mpaka litoke bakuli la mistari. Watu wanadhani nimepaka rangi. Ni mbao zenyewe.

Mwaka jana muuza mbao mmoja aliniapia kwa Mungu kwamba mninga wake umekauka. Muongo mkubwa! Ndani ulikuwa mbichi. Nikaugandisha na mpingo mkavu, ukasinyaa, maungio yakaachia mashine ikiwa kwenye kasi. Kipande kikanipiga jicho la kushoto. Hili mnaloliona ni la bandia, msijifanye hamjui.

Basi mkaja kunipa pole. Mimi nimelala chumbani, nyie sebuleni, na pazia halizuii maneno. "Mwanamke na mashine, wapi na wapi?" "Si tulimwambia auze vitenge?" Jamani, nilikuwa nimeumia jicho, sio masikio! Nawaambia ukweli, yale maneno yaliniuma kuliko kidonda.

Nilipopona nikagandisha bakuli jipya. Safari hii kila kipande nilikiweka shavuni kwanza, maana mbao mbichi ina ubaridi. Nikalifunga kwenye mashine. Mkono ukagoma kuwasha. Kila asubuhi naingia bandani, nasimama, natoka. Nikaanza kweli kuulizia vitenge.

Ndipo akaja bandani wifi yangu. Hatupendani, mnajua, na hata sasa hivi amekaa pale kwenye benchi ananikodolea macho. Akauliza, "Umegandisha vizuri?" Nikasema ndiyo. Akaenda kusimama mbele ya bakuli, palepale vipande vinaporukia.

"Washa."

"Wifi, toka hapo! Una wazimu?"

"Si umesema umegandisha vizuri? Au na wewe muongo kama yule muuza mbao? Washa!"

Nikawasha kwa hasira. Likazunguka, nikaweka patasi, vumbi likamjaa usoni, hakusogea. Hakuna ungio lililoachia. Nililia huku nakereza, ndugu zangu, nililia kama mtoto. Yeye akajipangusa, akaondoka bila kuaga.

Wifi, asante. Bado hatupendani, ila Mungu akubariki sana.

Na nyie wengine, mtu akianguka msiende kumhesabia makosa sebuleni kwake. Mkitaka kunifariji, njooni bandani msimame pale aliposimama wifi. Asiyeweza, abaki kwake.